Babu Sungura na watoto wa theluji

Wapenzi wa michezo humu nchini bila shaka wanamkumbuka Philip Boit, mwanariadha wetu aliyekwenda Nagano, Japani, mnamo Februari 1998 kushiriki Michezo ya Olimpiki ya msimu wa baridi. Katika mbio za nyika za kilomita 10 kwenye theluji, Boit alishika nafasi ya 92, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri hadi alipofika, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina hilo la Dæhlie.

Lakini tusimlaumu Boit. Yeye alizivaa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea, akiwa tayari mtu mzima. Wenzake walifungwa skii miguuni kabla hawajajua kusoma. Samaki hukunjwa angali mbichi, na swali ni nani humkunja.

Nchini Kanada ukiuliza swali hilo utatajiwa mzee mmoja aliyeitwa Sungura.

Jina lake kamili lilikuwa Herman Smith-Johannsen. Alizaliwa Horten, Norway, mwaka 1875, akasomea uhandisi Berlin, kisha akavuka bahari kwenda kuuza mashine Amerika ya Kaskazini. Kazi hiyo ilimpeleka ndani ya misitu ya Kanada, akisafiri kwa skii mahali ambapo wenyeji walitembea kwa viatu vipana vya theluji. Wawindaji wa kabila la Cree walipomwona akipita kwa kasi ile, wakambandika jina la Sungura. Kwetu sungura husifiwa kwa ujanja. Huko alisifiwa kwa miguu, na mzee akalipenda jina hilo hadi kufa kwake.

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilipoporomoka, mali yake ilikwenda na maji. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, ana mke na watoto watatu. Wengi kwa umri huo wangekaa chini na kulia. Johannsen alihamia vilima vya Laurentides, kaskazini mwa Montreal, akashika shoka na kuanza kufyeka njia za skii. Iliyo maarufu zaidi, Maple Leaf kama wanavyoiita wenyewe, ilikuwa ya kilomita 128 hivi kutoka Labelle hadi Shawbridge. Mtu aliweza kushuka kwenye gari la moshi, akateleza kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine kwa siku kadhaa. Kazi hiyo haikumrudishia utajiri wake. Hata hivyo, aliendelea kupanga njia, kuwafunza vijana na kusaidia mashindano kwa miaka mingi.

Nasikitika kusema kwamba njia yenyewe haikudumu. Mashine za kuwavuta watu hadi kileleni ziliwafanya wengi wapende kuteremka tu, kisha barabara kuu na nyumba za mapumziko zikaikata njia ya mzee vipande vipande.

Kilichodumu ni watoto. Chama cha mchezo huo nchini Kanada kilianzisha mpango wa kuwafunza wadogo na kuupa jina lake la utani. Mpaka leo watoto wa miaka 6 hadi 9 huitwa Sungura, na walio chini yao ni Sungura Wachanga. Hawaanzi kwa kushindanishwa. Hucheza mchezo wa kukimbizana, mara nyingi bila fimbo mikononi, ili mwili ujifunze wenyewe kusimama juu ya mbao. Wengi wa walimu wao ni wazazi wanaojitolea bila mshahara, na wengine hujifunza mchezo huo pamoja na wanao. Mpango huo ndio uliomlea Beckie Scott wa Vermilion, Alberta. Mwaka 2002 huko Salt Lake City alishinda nishani ya shaba, na ilipogunduliwa kwamba Warusi wawili waliomtangulia walitumia dawa haramu, akakabidhiwa dhahabu.

Babu Sungura hakuiona siku hiyo, ingawa aliona mengi. Alipotimiza miaka 100 mwaka 1975 alikuwa bado akiteleza. Alifariki Januari 1987 huko Norway alikozaliwa, akiwa na miaka 111. Na kila msimu wa baridi unapoingia Kanada, wazazi hupiga magoti kwenye theluji kuwafunga viatu Sungura wapya, wengi wao wakiwa hawajui kwamba Sungura aliwahi kuwa mtu.