Turbo ao bila turbo: kwa hewa ya Lubumbashi, motokari gani inaondoka mbio zaidi?

Hapa Lubumbashi, mabishano juu ya motokari za mbio hayaishi. Ku gariji, ku parkingi, hata ku matanga, mumoja anasema ya turbo haina mwenzake, mwingine anajibu kwamba turbo ni kujitafutia matatizo, moteri ya kawaida njo inadumu. Wote wawili wako na haki kidogo. Lakini kuko jambo moja lenye watu wengi hawatie mu hesabu: muji wetu uko juu, metre 1,200 na kidogo kupita bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na ile inabadilisha majibu.

Moteri inakula hewa

Moteri inachoma mafuta pamoja na hewa. Ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, unapata moshi tu, haupate nguvu. Moteri bila turbo inavuta hewa yenyewe: pistoni inashuka, hewa inaingia, sawa mutu mwenye kupumua.

Ya turbo iko na musaidizi. Moshi wenye kutoka ku moteri unazungusha turbini ndogo, mbio sana, inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Turbini ile imefungwa ku chuma kimoja na kompresa, yenye inasukuma hewa kwa nguvu mpaka ndani ya silinda. Hewa mingi, mafuta mengi, nguvu mingi.

Tutwae mufano wa motokari yenye wengi wanajua, Toyota Mark II iliyotoka 1996. Iliuzwa na moteri mbili za ukubwa mumoja, silinda sita, litre 2.5. Ile ya bila turbo, Tourer S, iko na nguvu ya farasi 200. Ile ya turbo, Tourer V, iko na 280.

Lakini farasi si yote. Mwenye kutaka kuondoka mbio aangalie pia nguvu ya kuzungusha magurudumu, yenye inapimwa kwa niutoni-metre. Tourer S inatoa 255 wakati moteri inafika mizunguko 4,000 kwa dakika. Tourer V inatoa 378, na inazipata tayari ku 2,400. Maana yake, ya turbo haiombe kulia sana mbele ya kusukuma.

Porsche walionyesha jambo lile lile mu 2015, wakati walitia turbo mbili mu 911 Carrera. Moteri ilipunguka kutoka litre 3.4 mpaka 3.0, farasi zikatoka 350 na kufika 370 tu. Hata hivyo, kutoka kusimama mpaka kilometre 100 kwa saa, motokari ya vitesi vya mukono ilitoka sekunde 4.8 na kufika 4.6.

Hewa yetu inakata nguvu

Zile namba za kwenye karatasi ni za hewa nzito, sawa ile ya karibu na bahari. Mafundi wanatumia hesabu moja nyepesi: kila metre 1,000 ya kupanda, moteri bila turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake. Hapa Lubumbashi ni kama asilimia 12. Basi ile Tourer S ya farasi 200 inabakia na karibu 176. Kolwezi, kupita metre 1,400, inapoteza zaidi. Goma na Bukavu, karibu metre 1,500, ni asilimia 15. Butembo ni zaidi tena. Lakini Kalemie na Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, karibu metre 800, hasara ni ndogo.

Njo maana motokari yenye kushuka ku meli Dar es Salaam inaweza kuonekana nzito kisha kupita Kasumbalesa. Haijaharibika. Mbele ya kulipa fundi abomoe moteri muzima, kumbuka kwamba imepanda mulima.

Ya turbo inajitetea vizuri zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, turbini inazunguka mbio zaidi ili kujaza silinda. Inapoteza nguvu kidogo tu. Basi ile tofauti ya farasi 80 ya kwenye karatasi, hapa kwetu inaweza kukaribia 100, kama turbo iko muzima.

Ku Safari Rally ya Kenya, inchi yenye barabara za juu kupita zetu, historia iko na masomo mawili. Shekhar Mehta alishinda mara ine kwa kufuatana, 1979 mpaka 1982, na Datsun bila turbo: motokari ngumu, yenye kufika mwisho. Kisha, 1984, 1985 na 1986, Toyota Celica ya turbo njo ilishinda. Turbo ilishinda wakati ilipata nguvu pamoja na ugumu, si nguvu peke yake.

Ile sekunde ya kungojea

Turbo iko na deni. Ukikanyaga mafuta wakati moteri inazunguka polepole, moshi ni kidogo, turbini inachelewa kupata mbio. Unangojea kidogo, kisha nguvu inakuja yote kwa mara moja. Na mu hewa nyepesi, kungojea kunarefuka. Moteri bila turbo inajibu palepale, hata kama jibu ni dogo.

Ku mashindano, ni kupoteza nafasi tu. Ku barabara ya Kasumbalesa, nyuma ya kamyo, ni maisha. Fanya hesabu: ku kilometre 80 kwa saa, motokari inatembea metre 22 kila sekunde. Mwenye kutoka mbele, naye ku 80, anakula zake 22. Sekunde moja ya kungojea turbo inakukaribisha naye metre 44. Na kama usukani uko kuume, sawa motokari nyingi za kutoka Japani, umekwisha kutoa nusu ya motokari inje ili uone mbele.

Kwa hiyo, shoferi wa turbo ashushe vitesi na aamushe moteri akingali nyuma ya kamyo, asingojee akiwa katikati ya barabara. Na mvua ikinyesha, akanyage polepole: Mark II inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nguvu yenye kuja kwa mara moja inaweza kuizungusha.

Mbele ya kutoa feza

Turbo yenye kuchoka haina faida. Moteri ya turbo ilitengenezwa ikingojea hewa ya kusukumwa; ikiikosa, inaweza kubakia nyuma ya ile ya kawaida. Unalipa bei ya mbio, unapata uzito.

Basi, ukienda kuona motokari ya turbo:

– Angalia moshi. Wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua, na turbo inaweza kuwa ndiyo sababu.
– Sikiliza. Mulio wa chuma kukwaruza chuma ni alama mubaya.
– Angalia filtre ya hewa. Vumbi letu la wakati wa jua, likipita, linakula mapanga ya kompresa.
– Uliza mafuta ya moteri yalibadilishwa lini. Turbo inategemea mafuta safi kupita kitu kingine.
– Ijaribu ku mulima, na mutu wa pili ndani. Ku barabara sawa kila motokari inajisifu.

Na kisha kuinunua, ukitoka kukimbia sana, iache moteri ilie polepole dakika moja mbele ya kuizima, turbo ipate kupoa.

Mwenye kuuliza ni gani inaondoka mbio hapa kwetu, jibu ni ya turbo, na hewa yetu inaisaidia kushinda zaidi. Lakini ni ile yenye turbo muzima, na shoferi mwenye kujua ile sekunde. Kama hauna feza ya kuichunga, twaa ya bila turbo. Itakosa farasi kidogo, lakini kila ukikanyaga, itakujibu palepale.