Lori la dumu na mbu wa mchana

Chukua dumu tupu la mafuta ya kula, likate ubavu mmoja, lipitishie vijiti viwili kwa chini, pachika matairi manne yaliyochongwa kwenye kandambili iliyokatika, kisha funga kamba mbele. Hilo ni lori. Mtoto wa Nanyamba, mkoani Mtwara, atalipakia mchanga na korosho, atalivuta mpaka jua lizame, halafu atalisukumiza uvunguni mwa kitanda au kuliacha nyuma ya nyumba, pamoja na vifuu, makopo na lori la wiki iliyopita. Mama huyaita yote hayo makorokocho. Sayansi inamuunga mkono, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya akili. Katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, watafiti waliwachunguza watoto wadogo 36 wakicheza, mara wakiwa na vitu vinne, mara wakiwa na 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Penye vinne, mtoto alitulia na kitu kimoja kwa muda mrefu zaidi na kubuni namna nyingi zaidi za kukichezea. Penye 16, alishika hiki, akaacha, akarukia kile. Ubongo wa umri huo bado haujakomaa kiasi cha kupuuza kila kinachovuta macho. Tena ubongo huchoka na ulichokizoea: kifiche kitu kikapuni wiki mbili, na siku kikitolewa mtoto atakipokea kama kipya.

Ya pili ni ya maji. Katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ardhi ni ya kichanga, mvua huzama upesi, na watu tangu zamani wamekuwa wakihifadhi maji nyumbani. Mwaka 1952 na 1953 ulizuka huko, Newala na maeneo jirani, ugonjwa wa homa ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyomkunja mgonjwa. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza katika maandishi ya mwaka 1955, na jina lake likabaki la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Leo dunia nzima hulitumia.

Anayeueneza hasa ni mbu aina ya Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye hueneza pia dengi. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Wala hahitaji bwawa. Maji ya kifuu kimoja yanamtosha. Jike hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Mvua ikinyesha na maji yakayafikia, viluwiluwi hutoka, na kwenye joto la pwani huchukua siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu kamili. Ndiyo maana kumwaga maji tu hakutoshi: chombo kisuguliwe ndani.

Sasa lirudie lile lori nyuma ya nyumba. Bodi yake iliyo wazi ni tangi dogo linalongoja masika.

Dawa si kuyachoma makorokocho yote, kwa kuwa mtoto aliyeunda lori amejifunza kupima, kukata na kusawazisha. Kaa naye mkayagawe mafungu matatu. La kwanza, vitu vinne au vitano vya wiki hii. La pili, vya kupumzika, viingie kwenye kikapu kilichotundikwa ndani, pakavu. La tatu, vilivyovunjika, viondoke kabisa. Kisha chukua msumari, utoboe matundu machache chini ya kila kopo na kila dumu litakalobaki. Lori lenye matundu halituamishi maji, na korosho bado linabeba.