Bunia: Kufuli ndani ya silaha, je, lingewasaidia wakaaji wa Ngezi?

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, silaha haiishi kambini tu. Katika kata kama Ngezi, familia za askari na polisi hupanga nyumba kando ya raia, na bunduki inayorudi kutoka kazini inaweza kulala chini ya paa moja na watoto. Kwa hiyo mjadala ambao Wamarekani wameuendesha kwa zaidi ya miaka 20 unazigusa nyumba hizo pia: je, silaha imtii kila mtu anayeishika?

Kufuli linalobishaniwa ni dogo. Limejengwa ndani ya bastola tangu kiwandani, na mwenyewe hulifunga kwa ufunguo mdogo. Likiwa limefungwa, hata mtu akivuta kifyatulio risasi haitoki.

Mnamo Machi 2000, kampuni ya Smith & Wesson ilikubaliana na serikali ya Rais Bill Clinton kuweka kufuli hilo katika bastola zake ndani ya miaka miwili. Wateja wengi walikasirika wakaisusia, na mwaka uliofuata kampuni iliuzwa.

Wanaotaka kufuli wanasema mtoto akikuta bastola chini ya mto hatajiua wala hatamwua mdogo wake. Wanaolikataa wanajibu kwamba mwizi akivunja mlango saa nane za usiku hakuna nafasi ya kutafuta ufunguo, na kwamba kifaa kinachoongezwa ndani kinaweza kukwama siku ya hatari.

AK-47 haina ufunguo

Katika Ituri swali linageuka. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inamkataza raia kumiliki silaha bila kibali, na silaha iliyoenea zaidi vitani si bastola bali AK-47 na zinazofanana nayo. Bunduki hiyo ina kichuma ubavuni, upande wa kulia, cha kuzuia risasi isitoke. Kichuma hicho hakina ufunguo. Mtu yeyote aliyewahi kuona askari akikishusha anaweza kukishusha vilevile, hata mwanafunzi.

Bunia ilikwisha kujaribu njia nyingine. Juni 2003, kikosi cha Ulaya cha operesheni Artemis, kikiongozwa na Ufaransa, kilipiga marufuku silaha zinazoonekana mjini. Bunduki zilipungua barabarani, lakini kufichwa si kusalimishwa. Mpango wa kupokonya silaha wa 2004 na 2005 uliwapitisha wapiganaji zaidi ya 15,000, ila silaha zilizopokelewa zilikuwa chache kuliko watu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwaka huohuo serikali iliunda mpango mwingine, P-DDRCS.

Alama na daftari

Ndiyo maana nchi za ukanda huu zilitilia mkazo alama. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, iliyotiwa saini pia na Kongo, inataka silaha zichongwe alama na kuandikwa katika daftari. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa Aprili 2010 na kuanza kutumika Machi 2017, unataka vivyo hivyo. Kwa jirani Uganda, Rais Museveni aliagiza Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa, kwamba bunduki zote zirekodiwe.

Alama haizuii risasi. Lakini askari anayejua kwamba namba ya bunduki yake iko kwenye daftari anajua pia kwamba ataulizwa ikipotea, ikikodishwa kwa majambazi au ikiua.

Kwa familia ya Ngezi, ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa mkuu wa kikosi: silaha irudi ghalani kazi ikiisha. Inapolazimika kulala nyumbani, magazini itolewe, chemba ikaguliwe isibaki risasi, bunduki ifungwe kwa mnyororo na kufuli la kawaida la sokoni, na risasi ziwekwe mbali, mahali pengine penye ufunguo.

Watoto nao wafundishwe mapema: ukikuta bunduki, risasi au guruneti, usiguse. Ondoka, ukamwite mtu mzima.