Kisale: Kimbilio Linaloelea na Kanisa Lililobaki

Neno la kusoma: Zaburi 46:1-7, Mathayo 16:18



Maji ya Lualaba tunayoyavuka upande wa Kasongo yanatoka mbali. Kabla ya kufika kwetu yamepita Kongolo, penye korongo la mawe ambalo Wazungu waliliita Milango ya Jehanamu. Kabla ya Kongolo yamepita Kabalo. Na juu zaidi, katika Katanga, yamepita ziwa Kisale, lililojaa samaki na mafunjo. Kando ya ziwa hilo kuna kijiji cha Kikondja. Leo tujifunze habari za watu wa ziwa hilo, maana historia yao inatuonyesha kwa nini kanisa linaweza kubaki hata wakati wa kukimbia.

Wavuvi wa zamani

Watu wa Kisale ni Waluba, na kazi yao kubwa ni uvuvi. Wanatega mitego, wanatupa nyavu, wanaenda kwa mtumbwi katika njia nyembamba kati ya mafunjo. Samaki wengi hawaliwi pale pale. Wanakaushwa juani au kwa moshi, kisha wanapelekwa mbali kuuzwa. Miji ya migodi ya Katanga imelishwa miaka mingi na samaki wa maziwa hayo.

Biashara hiyo si ya jana. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya Kisale. Mwaka 1974 Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo. Makaburi mengine yana umri wa zaidi ya miaka 1000. Ndani yake walikuta vyungu vizuri sana, mashoka ya chuma na mapambo ya shaba. Lakini bonde lile halina shaba. Shaba ilitoka kusini. Maana yake, wavuvi wale walikuwa na kitu cha kubadilisha na watu wa mbali.

Katika makaburi ya nyakati za baadaye walikuta pia misalaba midogo ya shaba. Mtu asidanganyike: ile haikuwa alama ya Kristo. Ilikuwa shaba iliyoyeyushwa kwa umbo hilo, nayo ikatumika kama franga.

Nyumba juu ya mafunjo

Mafunjo ya Kisale yana jambo la ajabu. Mizizi yake inashikana, majani yaliyokufa yanalala juu yake, mpaka panakuwa kama mkeka mnene unaoelea. Upepo na maji vikiukata, unakuwa kisiwa kinachotembea. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe, jirani yetu, mwaka 1874, kisha akashuka kusini katika nchi ya Waluba. Aliandika kwamba katika ziwa hilo watu walikaa juu ya visiwa vinavyoelea, pamoja na nyumba zao.

Kwa nini mtu ajenge juu ya kitu kinachotembea? Faida moja ni rahisi kuelewa: adui anayekuja kwa miguu hawezi kumfikia. Na wakati ule adui walikuwa wengi. Sisi wa Maniema tunajua habari za Nyangwe, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu walipigwa risasi sokoni, Livingstone akiona kwa macho yake. Kule kwa Waluba watumwa walichukuliwa pia kuelekea magharibi, mpaka Bihe, katika Angola. Cameron mwenyewe alisafiri na msafara wa namna hiyo mwaka 1875, akaona wanawake 52 wamefungwa kamba pamoja.

Tusiwacheke wale waliokimbilia mafunjo. Hata sisi tumekimbilia porini, na Mungu ametulinda huko. Lakini mtu wa Kisale anajua kwamba kisiwa kile ni cha kujificha tu. Asubuhi unaweza kukikuta mahali pengine.

Waliorudi na Neno

Septemba 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, katika nchi hiyo hiyo ya Waluba. Mmoja wa wenzao alikuwa amekufa njiani. Hivyo ndivyo ilivyoanza misioni ya Kipentekoste iliyoitwa Congo Evangelistic Mission. Kutoka Mwanza kazi ikaenea, ikafika na kwa wavuvi wa Kikondja.

Mara nyingi habari hiyo inasimuliwa kana kwamba Wazungu peke yao ndio walioileta Injili. Sivyo. Wako watu waliopelekwa utumwani Angola ambao walisikia Neno la Mungu huko huko, katika nchi ya mateso yao. Walipopata uhuru, walirudi kwao kwa miguu, safari ndefu sana, na imani yao moyoni. Alikuwako pia Shalumbo, Msonge, ambaye zamani alikuwa mteka watumwa. Mungu alimgeuza, akawa mhubiri kwa watu wake. Burton aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1929.

Fikirini hilo, wapendwa. Aliyetekwa na aliyeteka wanahubiri Bwana mmoja. Tena waliongea lugha ya watu, walijua desturi zao, wala hawakuwa wageni.

Siku wageni walipoondoka

Huko Kikondja alifanya kazi miaka mingi misionere Edmund Hodgson, aliyeitwa Teddy. Alihubiri, akatibu wagonjwa, akaandika na kitabu juu ya wavuvi wale. Ilipofika Novemba 1960, miezi michache baada ya Uhuru, vita vilikuwa vimewaka katika Katanga. Hodgson na mwenzake Elton Knauf waliuawa wakiwa safarini. Wamisionere wengine walilazimika kuondoka.

Kama kanisa lingekuwa juu ya wageni, lingeelea na kupotea kama kisiwa cha mafunjo. Halikupotea. Wachungaji na waamini wa mahali waliendelea kukusanyika. Leo kanisa lililotoka katika kazi hiyo ni Communauté Pentecôtiste au Congo. Bwana Yesu alisema atalijenga kanisa lake juu ya mwamba, na nguvu za kuzimu hazitalishinda. Mwamba huo hauendi popote wakati barabara imefungwa.

Tufanye nini sisi?

Kwanza, tusingojee mgeni ndipo tufanye kazi ya Mungu. Msaada ukija, tushukuru. Usipokuja, mafundisho ya watoto, kutembelea wagonjwa na kuhubiri jirani havihitaji gari.

Pili, tuwapokee wanaorudi. Wako ndugu wa upande wetu wa mashariki waliokimbilia Kalemie, na wengine mpaka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Anaporudi, tusimwulize tu amepoteza nini au amekuja na nini mkononi. Tumwulize Bwana amemfundisha nini huko. Pengine amekuja na wimbo, ushuhuda au ujuzi wa kuongoza maombi ambao kanisa letu linauhitaji. Tumpe nafasi.

Tatu, yuko na yule aliyetutendea mabaya akatubu. Huyu ni mgumu zaidi. Haki ifuate njia yake, tena kutubu kwake kuonekane kwa matendo. Lakini tukikumbuka Shalumbo, hatuwezi kusema Mungu hana kazi naye.

Maswali kwa vikundi vya sala

1. Wakati wa kukimbia, ni kitu gani cha kanisa letu kilichobaki, na nani alikilinda?
2. Nani amerudi kwetu mwaka huu, nasi bado hatujamsikiliza?
3. Ni kazi gani tunayoiacha kwa sababu tunangoja wageni?

Tuombe: Bwana, wewe ni kimbilio letu. Simamisha kanisa lako kando ya maji ya Lualaba, toka Kisale hata kwetu. Kwa jina la Yesu, Amina.