Kodi za Jazi Ugenini

Mwaka 1720, jijini London, George Frideric Handel alichapisha mkusanyo wa tungo za kinanda. Fungu la saba la mkusanyo huo linamalizikia kwa kipande kiitwacho Passacaille, ambacho kodi zake, ukiziandika kwa solfa, zinafuatana hivi: la, re, so, do, fa, ti, mi, halafu la tena. Mwaka 1978 Gloria Gaynor akatoa "I Will Survive", wimbo wa disko ambao hadi leo ukipigwa harusini mashangazi hawabaki vitini. Kodi zake ni la, re, so, do, fa, ti, mi.

Hakuna haja ya kumtafuta mwizi. Kati ya Handel na Gaynor imepita miaka 258, na sehemu ya mwisho ya miaka hiyo mfuatano huu ulikuwa mikononi mwa wanajazi, wakiupiga usiku baada ya usiku hadi ukawa kama mali yao. "Autumn Leaves", melodia ya miaka ya 1940 ya Joseph Kosma, Mhungaria aliyehamia Ufaransa, inatumia mnyororo uleule ila inaanzia kwenye re. "Fly Me to the Moon", aliyoitunga Bart Howard mwaka 1954, inaanzia kwenye la. Gaynor aliupokea mnyororo huo ukiwa tayari umepakwa rangi ya jazi, na rangi hiyo ndiyo tunayoifuata hapa.

Kwanza tuelewane. Kodi ninayoizungumzia si ya nyumba wala ya TRA. Ni noti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, na huitwa kwa noti yake ya msingi: kodi ya do ni do, mi, so, kodi ya re ni re, fa, la. Aliyewahi kusimama kwenye kwaya, hata kama alikuwa akifuata tu sauti ya jirani, ameshazisikia.

Wanajazi waliongeza noti ya nne. Hawakuigundua wao, maana Bach alikuwa akiitumia walipokuwa hawajazaliwa babu zao. Ila kwa Bach noti ya nne ilikuja kwa kazi maalumu na ikaondoka. Kwenye jazi ikawa ya kila siku. Kodi ya re ikawa re, fa, la, do. Kodi ya so ikawa so, ti, re, fa. Kodi ya do ikawa do, mi, so, ti. Zipange kwa utaratibu huo, re kisha so kisha do, na umepata mfuatano unaotumika kuliko wote katika jazi. Mwanafunzi wa jazi hukutana nao mapema.

Sasa tuukague kwa karibu. Katika kila kodi acha mengine yote utazame noti mbili tu, ya pili na ya nne. Kwenye kodi ya re ni fa na do. Kwenye kodi ya so ni ti na fa. Kwenye kodi ya do ni mi na ti. Ukitoka re kwenda so, fa inabaki palepale na do inashuka nusu hatua kuwa ti. Ukitoka so kwenda do, safari hii ti ndiyo inayobaki, na fa inashuka nusu hatua kuwa mi. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unasogeza kidole kimoja kwa wakati mmoja, na kila kidole kinasogea kwa umbali mdogo kuliko wote uliopo kwenye kinanda. Besi huku chini inaruka hatua kubwa, huku juu karibu hakuna kinachotembea. Sijui uchumi wa nguvu unaoupita huu katika muziki wote.

Lakini mbona sikio linaisubiri ile fa ishuke? Hapa fizikia inasaidia. Chukua do ya katikati ya kinanda, inayotetema mara 261.6 kwa sekunde. So iliyo juu yake hutetema mara 392. Kila noti hubeba pia vivuli vyake vya juu, yaani mitetemo ya mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Kivuli cha mara tatu cha do kinaangukia 785, kivuli cha mara mbili cha so kinaangukia 784. Vimekaribiana hadi sikio linavisikia kama kitu kimoja, na ndiyo maana do na so zikipigwa pamoja zinatulia. Zijaribu fa na ti. Fa ina 349.2, ti ina 493.9. Kivuli cha mara tatu cha fa kinafika 1,048, kivuli cha mara mbili cha ti kinafika 988. Tofauti ni kama 60 kwa sekunde: ni karibu mno kwa sikio kuvitenga vizuri, na ni mbali mno kwa kuviunganisha. Matokeo yake ni mkwaruzo. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza jambo hilo mwaka 1863, na mwaka 1965 Waholanzi Plomp na Levelt wakalipima upya maabarani na kuonyesha kwamba mkwaruzo hutegemea jinsi sikio la ndani linavyoyagawanya mawimbi.

Kodi ya so imebeba fa na ti kwa pamoja. Imebeba mkwaruzo, na nusu hatua moja inatosha kuuondoa.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu fa na ti. Kutoka do moja hadi do inayofuata kinanda kimegawanywa nusu hatua 12 zilizo sawa. Kutoka fa hadi ti ni nusu hatua sita, nusu kamili ya safari. Kutoka ti hadi fa ya juu ni sita tena. Kwa hiyo jozi hiyo inaweza kukaa ndani ya kodi mbili tofauti bila kubadilika: ile ya so, na ile iliyojengwa juu ya re iliyoshushwa nusu hatua. Wanajazi waliliona hilo mapema wakawa wanaitoa moja na kuiweka nyingine. Faida yake ni kwamba besi, badala ya kuruka re, so, do, inateremka ngazi kwa ngazi: re, re iliyoshushwa, do. Isikilize "Garota de Ipanema" ya Antônio Carlos Jobim, ya mwaka 1962. Sehemu ya kwanza ya wimbo huo inateremka hivyohivyo, polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika. Albamu ya Getz/Gilberto iliyousambaza duniani ilitoka 1964 na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Bosanova, mtindo wa wimbo huo, ilizichukua kodi za jazi na kuzirudisha Marekani zikiwa zimekuwa kitu kingine.

Hadi hapo kodi zilikuwa bado zinakwenda nyumbani. Re, so, do: unatoka, unahangaika, unafika. Kilichokuja kuzibadilisha ni mashine.

Mpiga kinanda wa jazi huipeleka kila noti kivyake, hii ibaki, ile ishuke. Mtayarishaji wa muziki wa house mjini Chicago katika miaka ya 1980 alikuwa na chombo kinachohifadhi kodi nzima kama sauti moja. Ukibonyeza ufunguo wa juu, kodi yote inapanda. Ukibonyeza wa chini, yote inashuka, vidole vinne vikiwa vimegandishwa pamoja. Ule uchumi wa kidole kimoja umefutika. Mwalimu wa nadharia ya muziki angechora mstari mwekundu. Hata hivyo ukipiga muziki wa aina hiyo leo, sauti yake inateleza kwa namna ambayo mkono wa binadamu usingeifikiria, na ni nzuri. "Can You Feel It" ya Larry Heard, ya 1986, ndiyo mfano wa kuanzia kwa asiyeijua house yenye kodi nzito.

Kwa upande wa hip hop, mkasi ulifanya kazi. Us3 walikata kipande cha "Cantaloupe Island", aliyoirekodi Herbie Hancock mwaka 1964, wakatengeneza "Cantaloop", iliyovuma 1993. A Tribe Called Quest walikuwa wamekwenda mbali zaidi mwaka 1991: kwenye "The Low End Theory" walimwita Ron Carter mwenyewe, aliyepiga besi kwenye kundi la Miles Davis, aje apige. Ila mkasi una tabia yake. Ukikata sekunde chache na kuzizungusha, unaweza kupata njia bila mwisho wake. Kodi inasogea kuelekea mahali, halafu kabla haijafika inarudishwa mwanzo.

Mzunguko maarufu kuliko yote wa namna hiyo haukutoka kwenye mkasi. Ni wa "Just the Two of Us", ambayo Grover Washington Jr. aliirekodi mwaka 1980 na Bill Withers akaiimba. Unaanza kwenye fa, unashuka mi, unatua la, kisha unapita kwenye do iliyopewa noti ya nne yenye mkwaruzo. Do hiyo, ambayo kwa kawaida ndiyo kituo, hapa imegeuzwa kuwa msukumo wa kurudi fa. Nyumba imefanywa barabara. Mzunguko ukianza upya hujafika popote, na hujisikii umepotea. Japani waliupenda hadi wanamuziki wao wanauita kwa jina la "Marunouchi Sadistic", wimbo wa Sheena Ringo wa 1999 unaoutumia. Ukisikiliza pop ya huko saa moja tu utakutana nao.

Kwa nini mzunguko usiofika unapendeza? Mwaka 2019 Vincent Cheung na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig walichambua kodi kama 80,000 kutoka nyimbo 745 zilizoingia kwenye chati za Marekani, wakaondoa maneno na melodia, kisha wakawapigia wasikilizaji kodi tupu. Raha ilipanda katika hali mbili: pale msikilizaji alipokuwa na uhakika wa kinachokuja na kikaja kingine, au pale alipokuwa hana uhakika na kikaja cha kawaida. Nionavyo mimi, wimbo wa mzunguko unapata hali ya kwanza kwa bei rahisi. Kurudiarudia kunakupa uhakika, rangi ya jazi inakupa mshangao. Mpigaji wa jazi hufanya kazi ngumu zaidi, kwa sababu hakupi uhakika huo wa kurudi palepale.

Tusivimbe kichwa na fizikia, lakini. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Watsimane wa Bolivia, jamii ya msituni iliyokuwa na mawasiliano machache na muziki wa Magharibi. Watu hao waliusikia mkwaruzo kama sisi, ila hawakuona kodi "zilizotulia" zinapendeza kuliko "zilizochafuka". Sikio hufundishwa. Fa inataka kushuka kwa aliyelelewa katika nyimbo ambazo fa hushuka.

Afrika Kusini ililelewa humo mapema. Marabi ya vilabu vya pombe vya Johannesburg, miaka ya 1920, ilikuwa tayari muziki wa mzunguko: do, fa, do, so, bila kituo, usiku kucha. Abdullah Ibrahim aliuchukua mzunguko huo akaujengea "Mannenberg" mwaka 1974. Kwa hiyo amapiano ya vitongoji vya Gauteng ilipochanganya kodi pana za jazi na mzunguko usiokwisha, haikuwa ikiiga Chicago peke yake. Ilikuwa nyumbani kwake. Sisi Watanzania tumeipokea kutoka huko. "Bia Tamu" ya Marioo na "Single Again" ya Harmonize zimepita njia hiyo. Bendi zetu za zamani, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, zilibeba jina la jazi huku zikiishi vizuri kabisa kwa do, fa na so, maana utajiri wao ulikuwa kwenye magitaa yanayojibizana. Vijana wa Bongo Fleva hawana jina hilo hata kidogo, lakini kodi zenyewe wanazo.

Si kila kitu cha jazi kinasafiri. "Giant Steps" ya John Coltrane, iliyorekodiwa 1959, inaruka kati ya funguo tatu zilizo mbali, kwa mwendo unaozidi mapigo 280 kwa dakika, na mara nyingi kodi moja haidumu nusu sekunde. Imebaki mtihani wa wanafunzi. Sikio halipewi muda wa kutarajia chochote, na asiyetarajia hashangai.

Siku hizi maprodyuza wengi hununua mtandaoni mafaili ya kodi zilizokwisha kupangwa, wakaziburuta kwenye kompyuta, kazi ikaisha. Sina ugomvi na hilo, Larry Heard naye alikuwa na mashine. Lakini aliyenunua faili hajui fa inataka kwenda wapi, hivyo hawezi kuizuia kwa makusudi, na kuizuia ndiyo ufundi wenyewe. Walimu wa kwaya wanaoijua solfa kwa kichwa wapo karibu kila parokia na kila usharika, na wengi wao hawajawahi kutembelewa na prodyuza hata mmoja. Nendeni mkawaulize.