Jua Nalo Lina Redio Yake

Bila shaka yamewahi kukukuta. Umefungua redio ya masafa mafupi mchana kweupe, taarifa ya habari inaendelea vizuri, mara sauti inafifia hadi inapotea. Unaipiga redio kofi, unabadili betri, wapi! Huenda mkosaji alikuwa juu ya kichwa chako. Jua likilipuka, tabaka za juu za anga letu huvurugika na kuyameza mawimbi mafupi.

Lakini Jua si mharibifu wa matangazo tu. Lenyewe ni mtangazaji.

Jambo hilo liligunduliwa vitani. Mwezi Februari 1942, rada za jeshi la Uingereza zilijaa kelele, na ikadhaniwa ni hila za Wajerumani. Mtaalamu James Stanley Hey alipochunguza, aliona kelele zinatoka upande wa Jua na kuandamana nalo angani. Siku hizo doa kubwa jeusi lilikuwa likipita usoni mwa Jua. Kwa kuwa ilikuwa siri ya vita, ulimwengu haukutangaziwa hadi 1946.

Je, kelele hizo zinatueleza nini? Jua limezungukwa na angahewa la gesi ya moto. Chini gesi hiyo ni nzito. Juu, katika sehemu iitwayo korona, ni nyepesi mno, ingawa joto lake hupita nyuzi milioni moja. Mawimbi marefu, ya mita kadhaa, hayawezi kupenya gesi nzito. Yanayotufikia yametoka huko juu, kwenye korona. Yale ya sentimita chache hutoka chini zaidi, karibu na uso wa Jua. Basi mtaalamu anapobadili masafa, kama wewe unavyotafuta stesheni, anachagua kina cha kutazama.

Utasema, haya yananihusu nini? Tarehe 23 Mei 1967, rada za Marekani za kuonya juu ya makombora, zilizokuwa Alaska, Greenland na Uingereza, zilivurugika kwa pamoja. Urusi ya Kisovieti ikashukiwa, na ndege za kivita zikaanza kuandaliwa. Kwa bahati njema, jeshi hilo lilikuwa na watu waliokuwa wakilichunguza Jua kila siku. Wakatoa habari kwamba Jua ndilo lililolipuka, na ndege hazikuruka.

Kelele za Jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Wingu la gesi ambalo mlipuko mkubwa huweza kulirusha huchukua siku moja hadi tatu, nalo likifika huweza kudhuru setilaiti na mitambo ya umeme. Anayesikiliza mapema hupata nafasi ya kujiandaa.

Asiyesikiliza huenda akamshuku jirani yake kwa kosa la Jua.