Kwa nini nakala za akiba hujikokota kufika kwenye hifadhi ya nyumbani

MPIGA video anayezunguka Rongo, Awendo na Ndhiwa kila wikendi akirekodi harusi na mazishi hurejea nyumbani Jumapili akiwa na mamia ya gigabaiti za picha ambazo haziwezi kupigwa tena. Marehemu hazikwi mara mbili ili kamera ipate nafasi nyingine.

Ndiyo maana baadhi ya wenye kazi kama hiyo, sawa na wenye kliniki ndogo na wafanyabiashara wanaoweka hesabu zao nyumbani, hununua kisanduku cha kuhifadhia data kinachounganishwa kwenye mtandao wa nyumba, maarufu kama NAS. Ndani yake mna diski moja au zaidi, na tarakilishi zote za nyumbani huweka humo nakala za akiba.

Matatizo huanza nakala hizo zinapojikokota. Kazi iliyotarajiwa kwisha usiku mmoja hufika asubuhi ikiwa haijatimia hata robo. Mwenyewe huchoka, hufunga kipakatalishi na kwenda zake. Siku diski ya kipakatalishi inapokufa ndipo anapogundua kwamba nakala aliyoitegemea iliishia njiani.

Lawama ya kwanza huiangukia kampuni ya intaneti, na mara nyingi huwa haina msingi. Faili inayotoka kwenye kipakatalishi cha sebuleni kuelekea kisanduku kilicho chini ya meza ya televisheni haipitii nyaya za baharini zilizoanza kufika Mombasa mwaka 2009, wala haipandi angani kwa setilaiti. Hupita kwenye ruta ya nyumbani na kuishia humo humo. Mkazi wa Mbita aliyenunua sahani ya Starlink, huduma iliyoanza nchini Julai 2023, huenda akafurahia kutazama video bila kukatizwa, lakini nakala zake zitaendelea kutambaa kama awali.

Njia ya kuthibitisha hilo ni rahisi. Intaneti inayoingia kutoka nje ikatishwe kwa muda, ruta ibaki imewashwa, kisha kunakili kuendelee. Kasi isipobadilika, kampuni haina hatia.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, ni vyema kuielewa hesabu. Kasi ya mtandao hutangazwa kwa megabiti, ilhali tarakilishi inaponakili faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao masikioni unasikika mkubwa, hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12 na nusu, na kwa kawaida hufikisha kama 11. Ule wa gigabiti moja hufikisha takriban 110.

Mpiga video mwenye gigabaiti 500 atamaliza kazi kwa muda wa saa moja na robo kwenye mtandao wa gigabiti. Kwenye ule wa megabiti 100 atahitaji zaidi ya saa 12. Akitegemea Wi-Fi dhaifu inayopitisha megabaiti nne kwa sekunde, atangoja karibu saa 35.

Tarakimu hizo ndizo zinazoonyesha ugonjwa ulipo. Kasi ikigota kwenye 11 bila kupanda, bila shaka mahali fulani pana kiungo cha megabiti 100, na safari nzima hufuata mwendo wa kiungo kilicho cha polepole zaidi.

Mara nyingi kiungo hicho ni waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane. Megabiti 100 hutumia nne tu, lakini gigabiti huzihitaji zote. Uzi mmoja ukikatika, au fundi akikosea kuubana kwenye plagi, vifaa havilalamiki. Hukubaliana kimya kimya kushuka hadi 100. Taa huwaka, intaneti hufanya kazi, na hakuna anayeshuku lolote. Kujaribu waya mwingine ulio mzima ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, na inafaa itangulie ununuzi wa kifaa chochote.

Waya mpya usipoponya, ruta ichunguzwe. Baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za intaneti zina matundu ya megabiti 100 pekee. Swichi ndogo ya gigabiti inayounganisha tarakilishi na kisanduku itaondoa kikwazo hicho bila ruta kutupwa.

Wi-Fi nayo ina vituko vyake. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini hubeba mzigo mdogo na hugombaniwa na majirani. Yale ya gigahezi 5 hubeba zaidi, ila huchoka upesi yanapokutana na ukuta wa mawe. Mabati ni mabaya zaidi kwani huyarudisha mawimbi yalikotoka. Isitoshe, kisanduku na kipakatalishi vyote vikitumia Wi-Fi moja, kila faili husafiri hewani mara mbili na kasi hupungua kwa karibu nusu. Heri kisanduku kiunganishwe na ruta kwa waya daima.

Katika boma lenye nyumba kadhaa, kijana anayeishi katika simba yake huweza kushawishika kuvuta waya wa shaba uwanjani hadi nyumba ya wazazi. Hilo ni la kuogopwa. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na waya wa shaba kati ya majengo mawili unaweza kuingiza msukumo wa umeme hadi ndani ya kisanduku chenye nakala zote. Waya wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani yake hauna hatari hiyo.

Wakati mwingine mtandao huwa mzima, na kosa ni la faili zenyewe. Picha ndogo ndogo 50,000 huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito sawa, kwa kuwa kila faili lazima ifunguliwe, iandikwe na ifungwe peke yake. Kipimo cha haki ni kunakili faili moja kubwa. Hiyo ikienda mbio, mtandao usilaumiwe. Aidha, nakala ya kwanza hubeba kila kitu, ilhali zinazofuata hubeba mabadiliko tu iwapo programu imepangwa hivyo.

Diski pia zatofautiana. Kuna aina inayoandika data katika mistari inayolaliana kama mabati ya paa, na ili kubadilisha mstari mmoja hulazimika kuandika upya iliyo jirani. Huanza kwa kasi, kisha hulegea mzigo unapozidi. Aprili 2020, kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya visanduku hivi, zilikuwa za aina hiyo. Mnunuzi hana budi kuuliza mapema.

Halafu kuna umeme. Giza lililoikumba nchi Agosti 25, 2023, na tena Desemba 10 mwaka huo, lilizima vifaa vingi ghafla. Kisanduku chenye diski kadhaa kikizimika hivyo, huenda kikirudi kikaanza kujikagua kwa saa nyingi, na wakati huo kunakili huenda kwa mwendo wa kobe. Kiachwe kimalize. Kifaa cha UPS kinachokipa dakika chache za kujizima vizuri huepusha adha hiyo.

Lakini uzito unaoongezeka siku baada ya siku, ukiandamana na mlio wa kugonga ndani ya kisanduku, ni dalili ya diski inayokufa. Hapo upimaji wa nyaya usubiri. Faili zisizo na nakala nyingine zihamishwe kwanza kwenye diski ya nje, na chache zifunguliwe kwenye tarakilishi nyingine ili kuhakikisha kwamba zimefika zikiwa nzima.